Gunia Nusu

Mjukuu wangu Jilo,

Huko Nairobi mnaendeleaje? Sisi Hewani tupo, ila Tana imefurika tena na migomba ya shangazi yako imesombwa yote. Uliniuliza kwenye simu: mchanga unapitisha maji, sasa magunia ya mchanga yanazuiaje mafuriko?

Hayazuii kabisa. Nilikuwa msichana mto ulipotufikia, na nyanya yangu alikuwa mgonjwa kitandani, hawezi kubebwa. Tukazungushia nyumba magunia. Sisi wakulima wa mpunga tukayajaza lumbesa, kama ya kupeleka sokoni Garsen. Yakawa magumu, ya mviringo, na maji yakapita katikati yake. Mama akafoka: "Punguzeni! Gunia nusu ndilo linalolala."

Tukapunguza, tukayapanga kama matofali, tukayakanyaga mpaka yakashikana. Maji bado yalipenya mchangani, lakini kwa shida, na tope la mto likaendelea kuziba mianya. Yaliyovuja, mama aliyachota kwa sufuria akayamwaga nje.

Shamba lilikwenda. Nyanya naye hakupona. Lakini alikufa kwenye kitanda kikavu, mama yuko kando yake, sufuria mkononi.

Miguu yangu unaijua, mjukuu wangu, haifiki hata mlangoni. Kwa hivyo shangazi yako amenizungushia magunia. Ameyajaza nusu, bila kuambiwa. Yanavuja kidogo tu, na hapa nilipolala namsikia akichota.

Nyanya yako