Baba, Nyama ya Mbuzi Yule Sikuila

Salama, Jumapili jioni

Baba,

Nimekukasirikia. Uliondoka kabla sijakwambia uso kwa uso, basi utasikia leo.

Juzi Baba Mdogo Musyoka alileta mnunuzi nyumbani Kalamba. Ndiyo, mnunuzi wa shamba. Lile lile ulilolala ndani yake, lile ambalo Mama na wenzake wa kikundi cha mwethya, cha kusaidiana kazi, walilichimba matuta kwa zamu mpaka mvua ikaacha kubeba udongo. Ati linauzwa ili Kioko naye aende India kusomea biashara ya kimataifa, kama dada yake. Kwa nini? Kwa sababu ulipokuwa unakata roho ulisema, "Kioko naye aende." Neno la mzee anayekufa! Nani atalipinga, halafu kiumo, ile laana ya mzazi, imfuate yeye na watoto wake?

Kama dada yake. Kwani uliwahi kuniuliza mimi, huyo dada yake, nilipata nini?

Uliuza ng'ombe wote, ukauza na ploti ya Kwa Vonza, kanisa likafanya harambee. Ulinibebea sanduku kichwani mpaka stendi, mzee mzima, ukikataa kusaidiwa, ukiwaambia watu njiani, "Huyu anaenda ng'ambo." Aki Baba, hilo bado linaniliza.

Masomo yenyewe sikatai, yalikuwa mazuri. Lakini nafasi za mazoezi kwenye makampuni, zile zinazomfanya mtu aajiriwe, walipewa wenyeji. Sisi wageni viza ilisema tusome tu, turudi kwetu. Haya, nikarudi. Nairobi nilizunguka maofisini mpaka soli za viatu zikaisha. "Hii digrii ni ya India?" wananiuliza, wakiishika karatasi kwa ncha za vidole. "Umefanya kazi wapi? Unajua nani hapa?" Simjui mtu, Baba. Nilikuwa nakujua wewe.

Na wewe ukaliambia kanisa zima mimi ni meneja! Nilikwambia mwenyewe, pale jikoni kwa Mama, kwamba napokea wageni kwenye lojing'i hapa Salama, nawapa madereva wa malori funguo na sabuni. Ukanijibu, "Wacha mchezo, Mwikali. Mwanzo ni mgumu." Jumapili iliyofuata ukanisimamisha mbele ya watu nipigiwe makofi. Nilitamani ardhi ipasuke. Kazi yangu siionei aibu, lakini kazi hiyo haikuhitaji ng'ombe.

Yule wakala wa vyuo aliyekuja kanisani na suti na picha za majengo amerudi. Huyo ndiye digrii yangu ilimlipa, huyo na chuo chake. Sasa anamwita Kioko "mkurugenzi," na kijana amevimba kichwa.

Basi mnunuzi akaleta mbuzi. Desturi unaijua kunishinda: wenye shamba na mnunuzi wakishakula nyama pamoja mbele ya wazee, shamba limeenda, hakuna kurudi nyuma. Mchungaji akaombea chakula. Sinia likapita mkono kwa mkono, likanifikia. Nikasema mimi sili.

Ngai! Ungeona. Baba Mdogo aliruka kama ameingiwa na siafu. "Wewe umesomeshwa, sasa unamfungia mwenzako mlango? Huo ni wivu!" Wivu! Wa nini, wa kugawa sabuni? Nikawaambia kila kitu, viza, maofisi, lojing'i, mbele ya mchungaji wako na wazee wako wote, na sauti ilikuwa juu, sitaki kukudanganya. Kioko alilia mbele ya wanaume. Akasema mimi si dada yake tena.

Nikamtazama Mama. Alikuwa na kipande cha mbavu mkononi. Mama huyu hajawahi kukupinga, hata ulipouza ng'ombe aliowakamua yeye mwenyewe alinyamaza. Alikirudisha kile kipande kwenye sinia, akajipangusa vidole kwa leso, akasema, "Mimi nimeshiba." Alikuwa hajakula hata kidogo. Wazee wakatazamana, na mnunuzi akavaa kofia yake akaenda.

Hukuwa mtu mbaya. Ulidanganywa, halafu ukakataa kuambiwa, na hapo ndipo hasira yangu iko. Ningekuwa nakuchukia ningelala vizuri.

Kioko atasoma. Nimemwambia nitamlipia kozi Machakos kwa mshahara wangu, aishi karibu na watu wanaomjua. Hajanijibu. Anapita hapa Salama na hasimami. Nitangoja. Na shamba halitauzwa nikiwa hai, hilo nakuahidi, hata wanione mchawi.

Sasa pumzika, Baba. Kaburi lako nitalipalilia nikija, hata nikiwa bado nimenuna. Na kama lile neno lako lina kiumo kweli, usimguse Mama, amechoka. Usimguse Kioko, bado ni mtoto. Njoo kwangu. Nalala chumba cha nyuma ya posho mili, mlango wa bluu. Siufungi.

Mwanao,
Mwikali