Sahani ya Bi Zuhura

Jumatatu, 3 Februari
Shule, kisha nyuma ya banda letu la video kama kawaida. Kaka Fahadi anaonyesha filamu za mapigano. Mimi namtafsiria Kiingereza, yeye anatia sauti kwenye maikrofoni. Mtaa mzima wa Langoni unasikia. Hakuna ajuaye maneno ni yangu. Bora. Mimi darasani hata nikiitwa jina naitika kwa kunong'ona.

Jumatano, 5 Februari
Bwana Abudi wa dukani amekatwa panga mkononi, Magharibi, watu wako msikitini. Vijana wawili, nyuso wamefunga vikoi. Wamechukua simu na pesa. Walimwambia, "Lala chini mzee, uote mchana."
Maneno yangu. Ya filamu ya juzi.
Bi Zuhura, jirani, amesimama mlangoni kwetu kupiga makelele. "Fahadi ndiye aliyewafunda! Sinema zenu za kukatana zimetia nti nzima moto! Mbona Twaha, mpwa wangu, nimemlea akatulia, na nyumba haina hata tivii?"

Ijumaa, 7 Februari
Wazee wametangaza Halbadiri. Kisomo cha kumwapiza mwizi, na aliyemfunza mwizi. Kesho. Mama analia. Kaka anacheka: "Nisomeeni hata mara kumi." Mjinga. Angenyamaza.
Alipoingia kuoga nimepekua begi lake. Hamna kitu. Najichukia.

Jumapili, 9 Februari
Jana wamesoma. Leo kaka ana homa. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Malaria, kipimo kimeonyesha, karatasi ya zahanati ninayo. Nani ataisoma? Wamejaa kwenye baraza yetu, wanangoja afe. Watoto wanaimba, "Imempata! Imempata!" Banda wamelivunja. Tivii iko mtaroni.
Nawachukia. Mmoja mmoja, kwa majina.

Jumatano, 12 Februari
Twaha amekamatwa Wiyoni na simu ya Bwana Abudi. Yeye na rafiki yake. Twaha wa Bi Zuhura!
Hajawahi kukanyaga bandani. Alikuwa akisikia tu, dirishani kwao, kama mtaa wote. Kwa hiyo alinisikia mimi.
Lakini panga hakulitoa kwenye filamu. Anavuta unga tangu mwaka jana. Walijua wote, hata hao wazee. Unga hakuna aliyeusomea Halbadiri.

Jumapili, 16 Februari
Kaka ameketi. Amekunywa uji.
Hakuna aliyekuja kutaka radhi. Bi Zuhura ameleta mkate wa sinia, bado wa moto, amefunika kitambaa. "Mgonjwa naale." Basi. Kageuka.
Jioni mama amenipa sahani niirudishe. Nitie mahamri, si adabu kumrudishia jirani sahani tupu. Nimeiosha. Nimeifuta. Nimeifunika kitambaa chake. Mahamri nimeyaacha jikoni.
Bi Zuhura amefunua. Ametazama sahani, kisha mimi. Nimemtazama machoni, na leo sikuona haya.
Nimerudi nyumbani polepole.