Mwaka Ulioufupisha

Kwa mwanangu Atiya, mtoto wa dada yangu, huko Mahdia. Amani iwe juu yako, ingawa naiandika huku nimekunja uso.

Hapa Fasi tini ni nyingi mwaka huu, na magoti yangu bado yananigomea. Kitabu chako cha historia kimefika. Juzi kilisomwa msikitini mbele yetu sisi wakimbizi wa Kairawani. Kuhusu mwaka ule tulipoukimbia mji wetu umeeleza tauni ya Bukhara na njaa ya Misri kwa kurasa nzima. Kisha ukaandika, "Na watu wa Kairawani walihama salama. Haya nimeyasikia kwa mjomba wangu Khaluf."

Jirani yangu Hamdis alicheka hadi akakohoa. "Kumbe mwenzetu ulikwenda matembezi! Mbona hukutuaga?"

Nilikuambia hivyo lini? Nilikuambia wavamizi waliingia mjini, wakuu wakiwa wameshatangulia Mahdia na walinzi wao. Nilikuambia mama yako alikufunga mgongoni kwangu akasema, "Tangulia, kaka, nachukua maji ya mtoto." Hakutoka tena. Na wewe, ili uwapendeze watoto wa wakuu hao, umemfanya msafiri!

Habari katika vitabu vyetu husimama kwa jina la aliyeshuhudia. Basi andika kwamba mwaka huo mama yako, Umaima binti Jabir, aliuawa nyumbani kwake akichota maji. Ukiogopa, futa jina langu, kisha uwaambie wasomaji wako ni nani mwingine aliyekusimulia.

Mjomba wako,
Khaluf bin Jabir, mtu wa Kairawani