Meno Thelathini na Mawili

3 Machi

Mdogo wangu Mbishi,

Hujambo wewe? Mama je, goti limepoa? Mimi mzima, ukiacha mdomo.

Kiwandani wamenitoa kwenye kufunga pipi, sasa mimi ni muonjaji. Usinicheke! Sufuria ya tofi ikikaribia kuiva nachota kijiko, naonja, nasema tayari au bado. Kila robo saa sufuria nyingine, toka asubuhi mpaka jioni. Wiki ya kwanza nilijiona nimeula. Sasa harufu yake tu inanitia kichefuchefu.

Na mswaki asubuhi ni marufuku, eti dawa ya meno inaharibu ulimi. Msimamizi anatunusa midomo getini mmoja mmoja, haki ya Mungu. Nikiuma mkate, unabaki na damu.

Wewe unayeosha vyombo vya daktari wa meno, hebu niulizie. Kuacha kazi siwezi. Mkataba ni miaka mitatu, nimemaliza mmoja, na pasipoti yangu iko kwenye droo ya msimamizi.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, goti ndilo lenye kiburi.

Nimemuuliza daktari. Nilimwambia ni kijiko kimoja tu, akasema kijiko si hoja, hoja ni mara ngapi. Ukishalamba tamu, mdomo unakuwa mchachu na uchachu unakula jino. Mate yanahitaji nusu saa au zaidi kuusafisha. Wewe kabla hayajamaliza umeshalamba tena!

Anasema usukutue maji kila ukipata upenyo. Chai unywe bila sukari. Tafuna karanga, karoti, kunywa maziwa. Jioni piga mswaki laini, polepole, mpaka kwenye fizi. Damu isikutishe ukaacha, maana uchafu uliokaa pale ndio unaoitoa.

Fanya hivyo, dada. Sitaki kuja kukupokea kibogoyo, nitakukana mbele za watu.

Mdogo wako

11 Juni

Mbishi wangu,

Habari za huko? Huku mimi si mzima, nisikudanganye.

Nilisukutua maji kazini, msimamizi akaniandika kwenye daftari la makosa. Karoti siwezi tena kuzitafuna. Magego mawili yametoka, na jino la mbele nikiligusa kwa ulimi linacheza. Mswaki wa jioni napiga huku nalia. Naamka, nanuswa, naonja. Nimechoka, mdogo wangu, nimechoka sana.

Sasa sikia nililofanya. Siku moja nilikuwa najigamba kwa wenzangu kwamba wewe chumvi ya sufuria unaijua kwa kunusa, na hujawahi kutoboka hata jino moja. Mdomo wangu huu! Msimamizi alikuwa nyuma yangu. Kumbe hapa muonjaji anaachiwa kabla ya muda akileta ndugu wa damu ashike nafasi yake, mwenye meno yote. Wanaamini ulimi unarithiwa. Tangu hapo kila asubuhi akishaninusa ananiuliza, "Mdogo wako anakuja lini?"

Usije. Nikikuandikia njoo, usiniamini.

Dada yako

30 Julai

Njoo. Kazi ni nzuri. Njoo upesi.

Dada

14 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sikuulizi hali, nimeiona kwenye mwandiko.

Uliniambia nisikuamini, na sijakuamini. Kazi si nzuri. Lakini hayo mengine, njoo na upesi, umeyasema kweli, ndiyo maana nimekaa na barua yako siku tano bila kumwonyesha mama. Jana nilikaa kwenye kiti cha daktari, nikamwomba anihesabu meno na kuniandikia cheti. Thelathini na mawili. Alipojua cheti ni cha nini alikataa kukiandika, nikambishia mpaka akaandika.

Mama nimemwambia ni zamu, wewe unarudi kupumzika. Amefurahi, anafua mashuka ya kitanda chako.

Usiniandikie tena nisije. Nimeshatia sahihi.

Mdogo wako

2 Novemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Unakula? Unalala?

Hii ni barua ya nne, na wewe hujajibu hata moja. Mimi sijambo. Daktari wako amening'oa manne, yaliyobaki anasema yatashika. Ile kazi yako ya kuosha vyombo amenipa mimi. Mama ananipikia supu na kunisifu kwamba nimenenepa. Akiuliza habari zako nasema umeandika, unamsalimia. Nashindwa kumtazama usoni.

Geti hakuna hapa, hakuna wa kuninusa, na bado kila robo saa nageuka kuangalia saa ya ukutani. Najua umeinama juu ya sufuria. Nilikuita mimi. Nilijua ninachofanya, nikakuita.

Nakuomba jambo moja tu. Fizi zinatoka damu? Nijibu. Hata kama zinatoka, andika hapana.

Dada yako