Asali Isiyotaka Moto

Mpendwa dada yangu Nafula,

Umekufa na bado unanishinda. Majuzi jirani yetu hapa landhini, kwenye nyumba hizi za wafanyakazi, aliungua mkono kwa uji, nikampaka asali kutoka mzinga uliouacha chini ya paa. Leo amepona, akaja kushukuru, halafu akashusha pumzi: "Lakini mkono wa dadako ulikuwa mwepesi, bwana." Nilitabasamu. Rohoni nilitamani kumrudishia kidonda chake.

Wivu huu ni wa zamani, ni vile tu hukuujua. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, mimi ndiye niliyesoma hadi nikapata kazi ya kuosha vyombo vya kioo katika maabara ya mifugo upande wa Njoro. Lakini Mama alipozeeka alikuita wewe nyuma ya nyumba, akakufundisha asali ya nyuki wadogo wasiouma, ya kupaka vidonda. Nilimwuliza kwa nini si mimi. "Wewe una haraka," akasema, akaendelea kupepeta wimbi. Nikatega sikio ukutani, nikaambulia neno moja tu: "Hii haitaki moto. Ukiichemsha, umeiua."

Kisha yule mzungu wetu, Daktari, akaanza kukusanya dawa za kienyeji zitokazo kwa wanyama: mafuta ya mkia wa kondoo, nyongo ya ng'ombe, mafuta ya kenge. Alitaka kuona ipi inaua vijidudu vya usaha. Ni mimi niliyekutaja, nikitaka sifa ya kukuleta. Ulikuja na kibuyu chako, kitambaa kipya kichwani, na Daktari, ambaye hajawahi kuniambia nikae, akakupa kiti chake. "Hii mama iko na akili mingi," akaniambia. "Dawa yake kishinda, mimi taandika jina yake kwa kitabu." Jina lako! Miaka yote nimeosha visahani vyake, na langu bado analikosea.

Kuitayarisha dawa aliniachia mimi. Pale tulichemsha kila kitu, vijiko, chupa, hata sindano, kwa hiyo hakuna aliyenishuku nilipobandika asali yako motoni. Nilijiambia ni usafi. Uongo mtupu. Nilisimama nikiitazama ikitoa povu, na sauti ya Mama iko masikioni.

Tukaidondosha kwenye kisahani chenye vijidudu vya usaha. Kesho yake vilikuwa vimetanda kisahani kizima, hadi ukingoni mwa tone lako. Daktari akatikisa kichwa. Wewe hukumwuliza yeye, uliniuliza mimi: "Wewe ndio uliona na macho yako. Haikufanya kitu?"

"Haikufanya kitu," nikajibu.

"Basi Mama alikosea," ukasema, ukachukua kibuyu chako ukaenda.

Kwenye kijiko ilikuwa imebaki asali kidogo, mbichi. Nikaiweka kwenye kisahani kingine cha vijidudu, sijui kwa nini. Siku iliyofuata, kuzunguka tone hilo palikuwa na duara safi, hakuna kijidudu kilichothubutu kusogea. Dawa yako ilikuwa nzuri kuliko nilivyoogopa. Nikakiosha kisahani kwa sabuni, nikakianika pamoja na vingine.

Habari zilienea landhini, akina mama wakaacha kubisha mlangoni kwako. Halafu, msimu wa mvua ulipofika, wewe ukajikata mguu kwa jembe. Nilikuletea kibuyu mwenyewe, nikakusihi ujipake. "Si ilishindwa?" ukasema. Ningeweza kukwambia pale pale. Nikakifunga kibuyu. Tulipokufikisha hospitali, kidonda kilikuwa kimeshaoza. Kikulacho ki nguoni mwako, dada, na nguo hiyo ilikuwa mimi.

Sasa mzinga ni wangu na wagonjwa ni wangu, na kila anayepona analitaja jina lako. Nawe uko huko na Mama, wawili tu, kama zamani nyuma ya nyumba. Naona wivu hata kwa hilo. Mwambie hakukosea juu ya asali. Wala juu yangu hakukosea.

Lala salama.

Ni mimi, kaka yako mwenye haraka.