Nani Amwitikie Mwanasiti

Jumatatu, 6 Januari

Kola mbili na pindo la gauni la jirani. Uzi mweupe umekwisha. Bajaji imepita mlangoni na wimbo uleule, "Toka Tukuone". Mama akaacha kuchambua mchele akaingia ndani. Kila ukipigwa huondoka. Mji mzima unaupiga, basi mama yangu hakai.

Harusi ya Rukia ni Alhamisi ya wiki ijayo. Anataka wimbo huo umtoe chumbani. Si wa kwetu wa zamani. Anataka huu wa kijana wa Mombasa, ambao hata mahamali wa bandarini Kismayu wanauimba na Kiswahili hawakijui. Nimemwambia mwanangu tutaona. Maana yake hapana, naye anajua.

Jumatano, 8 Januari

Umeme ulikatika, cherehani ikalala. Nikazisikiliza rekodi zote mbili za wimbo kwenye simu, moja baada ya nyingine.

Ya zamani ilinaswa kwa kaseti nyumbani kwetu, kisiwani Chovai, harusi ya dada yangu Mwanasiti, kabla ya vita vya Somalia. Inaanza na mtu anakohoa. Pembe za nyati zinagongwa kwa vijiti, sinia linapigwa, mtoto analia. Huenda ni mimi. Mwimbaji sauti imemkauka. Akifika kwenye jina anaita, "Mwanasiti!" na pembe zote zinanyamaza. Bibi harusi kwetu hasemi siku hiyo, mama yake ndiye humwitikia. Basi inasikika sauti ya mama yangu, kali, changa: "Labeka!" Wanawake wanapiga vigelegele, wimbo unaendelea.

Ya kijana ina gitaa na kinanda. Anaimba vizuri kuliko yule marehemu wa kaseti, Mungu anisamehe. Babu zake ni watu wa kisiwa cha Ngumi, kaseti lazima aliipata kwa bibi yake. Lakini jina hubadilishwa kila harusi. Yeye amelichukua lilivyo, akadhani ndiye mpenzi wa mtunzi. Anaita "Mwanasiti", anasubiri, halafu kinanda kinaingia. Ile labeka ameikata. Asiyejua maana haambiwi maana.

Mwanasiti alipanda boti na mumewe mwaka ule wa vita, kwenda Kenya. Sisi tukapanda iliyofuata. Yetu ilifika.

Ijumaa, 10 Januari

Tumegombana na Rukia. Anasema kila bibi harusi wa mji huu ametolewa na wimbo huo, kwa nini yeye atolewe na kikohozi cha kaseti. Nikamwambia bibi yako hatakaa humo ndani. Akasema bibi hajawahi kusema hivyo. Kweli, hajasema. Tangu boti ile hajalitaja hata jina la dada. Nami sijawahi kumuuliza, naogopa.

Nimekasirika mpaka nimeshona mkono wa kushoto kulia. Nimefumua.

Jumamosi, 11 Januari

Nimemuuliza mama. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka, hakuinua uso.

"Wamwita mwanangu kutwa," akasema kwa lafudhi yake ya Chovai, "na hapana mchu wa kumwitikia."

Basi. Akaendelea na ukili wake. Miaka yote nilidhani hapendi kulisikia jina.

Nimemweleza Rukia. Amelia kidogo, akakubali bila masharti. Hakuna spika. Wanawake wataimba wenyewe, kwa pembe. Nimefurahi. Nimemkatia shela upya kwa kitambaa kizuri zaidi, kumshukuru.

Alhamisi, 16 Januari

Nyumba ya harusi haikosi jambo. Mawifi wa Rukia walikuja na spika yao, zawadi kwa bibi harusi. Hawakujua. Hakuna aliyewaambia, na wa kuwaambia nilikuwa mimi.

Nilikuwa chumbani nafukiza shela ya Rukia gitaa lilipoanza. Nikatoka mbio na chetezo mkononi. Ukumbi umejaa, hapana pa kupita. Mama amekaa kwenye jamvi mbele kabisa, ukuta nyuma yake. Hata angetaka kuondoka asingeweza.

Jina likaitwa.

"Labeka!"

Mama. Kwa sauti ileile ya kaseti, imezeeka tu. Mawifi wakacheka, wakadhani ni utani wa bibi. Wazee wa Chovai hawakucheka. Mmoja akajifunika uso kwa mtandio.

Mama akaamuru spika izimwe. Akachukua pembe kwa jirani yake, akauanza wimbo upya mwenyewe. Sikujua kama bado anaujua wote. Wanawake wakampokea. Nikamleta Rukia mlangoni. Jina likaitwa tena, sasa la Rukia, pembe zikanyamaza, na mimi nimesimama kama gogo. Mama akaninyooshea kijiti. Nikakumbuka kwamba leo mama ni mimi.

Nikaitika. Sauti ilitoka kama ya mbuzi. Rukia akalia, wanja wote ukamchuruzika. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani, nadhani.

Jumatatu, 20 Januari

Nyumba kimya. Rukia kwa mumewe. Kuna masinia ya watu ya kurudisha, na shuka za wageni.

Asubuhi mama alikuwa uani anachambua mchele. Bajaji ikapita na wimbo. Nikasimamisha cherehani, nikangoja aingie ndani. Hakunyanyuka. Kijana akaita, akasubiri.

"Labeka," mama akasema, taratibu, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

Kisha akaniambia nimletee maji ya kuoshea mchele.