Moto wa Ndizi za Rwekaza

Anneth, askari walipokuja ulijifungia ndani, na ndizi zile ni za pombe ya harusi ya binti yako!

Wamemchukua Rwekaza aliyekuwa akikuivishia. Mkewe Deodata kapiga magoti: "Afande, ule moto ni wa kuivishia ndizi shimoni!"

Askari wa wanyamapori akamwonyesha ramani kwenye simu, alama nyekundu juu ya shamba lao. "Droni imeona joto. Akili mnemba imesema kambi ya majangili. Mnawauzia wakimbizi nyama."

"Hiyo akili imewahi kuivisha ndizi?" Deodata akauliza.

Wakacheka. Wakacheka, Anneth! Shimo hawakulifunua hata kidogo.

Enzi za kambi ya wakimbizi ya Benaco, msitu ulipokwisha kwa kuni, tulisingiziwa sisi wanakijiji, tukanyamaza. Deodata hana tumaini tena. Neno la mke hawalihesabu.

Mwenye ndizi ni wewe. Nenda kituoni Nyakahura sasa hivi, useme ni zako, kabla hawajampeleka wilayani Biharamulo!